Mama Mkwe wa Neria

Kwetu juu ya Runyenjes, mashamba ya majani chai yanapokaribiana na msitu wa Mlima Kenya, mali ya mwanamume ilikuwa na namba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hati ya shamba, iliyotokana na upimaji wa ardhi wa mwisho wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Ya pili ilikuwa namba ya chai, ile ambayo karani wa senta aliiandika kwenye risiti kila majani yalipopimwa, na ambayo bonasi ililipwa kwayo. Zote mbili zilikuwa za mume. Mke ndiye aliyechuma, akabeba kikapu mgongoni, akasimama foleni kwenye manyunyu, lakini jina la kwenye risiti halikuwa lake. Mume akiwa hai, hakuna aliyelizungumza jambo hilo. Akifa, lilizungumzwa kabla ya mengine yote, mara nyingi matanga hayajaisha, na waliolizungumza walikuwa ndugu zake.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu asiyeyajua hataelewa jinsi sinema moja kutoka Zimbabwe, iliyoonyeshwa usiku mmoja katika ukumbi wa kanisa katikati ya miaka ya 1990, ilivyowafanya watu wa kijiji chetu waseme mambo waliyokuwa wameyafungia kifuani miaka mingi.

Sinema tulikuwa tumeizoea kama kitu cha serikali. Gari la Wizara ya Habari lilikuja mara moja moja, likaegeshwa kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, na tangu mchana kipaza sauti kilitangaza kwamba usiku kuna picha, bure, wote wakaribie. Giza likiingia, shuka nyeupe ilitundikwa na projekta ikaanza kunguruma. Kwanza tulimwona Rais Moi akipanga mawe ya gabioni pamoja na wanafunzi. Halafu ikaja filamu ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, au ya kuchimba choo, au ya kupogoa kahawa. Halafu tangazo la sabuni. Mwisho kabisa, watoto wadogo wakiwa wameshalala migongoni mwa mama zao, akatokea Charlie Chaplin. Sote tulikuwa tumekuja kwa ajili ya Chaplin. Tuliivumilia filamu ya choo kwa adabu, tukamcheka Chaplin mpaka machozi, tukarudi nyumbani. Sikumbuki hata siku moja mtu aliyeamka asubuhi akabishana na jirani yake kuhusu choo cha kwenye filamu. Hapakuwa na la kubishania. Filamu ilikuwa imeshasema kila kitu, na aliyesema alikuwa mkubwa wa serikali ambaye hatukumwona uso.

Nyanya yangu, mzaa baba, aliyajua magari hayo kabla yetu. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia 1954 watu wa Embu, kama wenzao wa Meru na Wakikuyu, walitolewa makwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Humo namo gari la sinema liliingia. Nyanya alisema walikwenda kutazama bila kukawia kwa sababu ilikuwa jioni ya pekee waliyoruhusiwa kukaa nje baada ya jua kuzama. Kuhusu kilichoonyeshwa alikumbuka machache: askari wakipiga gwaride, na mtu akionyeshwa jinsi ya kusalimisha silaha. Alichokumbuka zaidi ni kwamba alikaa karibu na dada yake waliyetenganishwa naye, na kwamba katika giza lile walipeana habari za nyumbani bila mlinzi kuwasikia.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi wenye sinema hizo walivyotufikiria. William Sellers, Mwingereza aliyeanzia kazi yake Naijeria na kuja kuongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka 1939, aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, na kwamba asionyeshwe ujanja wa kamera wala mambo mawili kwa wakati mmoja. Huku kwetu Afrika Mashariki jaribio la Vugiri, Tanganyika, lililoendeshwa kuanzia 1935 hadi 1937, lilikuwa limeshatengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha vijijini kwa gari. Na kuna kisa kinachorudiwa sana, ambacho Marshall McLuhan alikiweka katika kitabu chake cha 1962, The Gutenberg Galaxy, akimnukuu John Wilson wa London. Wanakijiji Waafrika walionyeshwa filamu ya kuondoa maji yaliyotuama ili kuzuia mbu. Walipoulizwa waliona nini, wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba ilikuwa na kuku. Ilibidi waikague picha kwa picha mpaka wakamwona akikatiza kwenye pembe kwa muda wa sekunde moja hivi.

Wataalamu walikitumia kisa hicho kuthibitisha kwamba watu wale hawakujua kutazama. Mimi kila nikikisoma naona watu waliotazama kwa makini kuliko watengenezaji wenyewe. Waliona kilichowahusu. Nilishuhudia jambo hilohilo katika ukumbi wa kanisa letu.

Baba yangu mdogo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliugua kwa muda mrefu, akakonda, na matangani ugonjwa wake haukutajwa jina, kama ilivyokuwa kwa wengi waliokufa miaka hiyo. Alimwacha mama mdogo na watoto wanne. Kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi, baba mkubwa alikuwa amezichukua risiti za chai, ng'ombe mmoja, na ufunguo wa stoo. Alisema anawatunzia watoto wa marehemu. Alisema pia, mbele ya wazee, kwamba mke wa ndugu yake hatakosa mlinzi, na kila mtu alielewa maana yake. Mama mdogo akawa anachuma chai ileile, akiipeleka senta ileile, na pesa zikilipwa zinaingia mfuko mwingine. Baba yangu alikuwa akifanya kazi mbali, na kila alipokuja aliambiwa kwamba mambo ya nyumbani yako salama.

Nyanya aliishi katika boma hilohilo. Waliokuwa wakigombaniana walikuwa mwanawe mkubwa na mke wa mwanawe aliyezikwa. Hakusema kitu. Asubuhi alikunywa chai kwa mama mdogo na jioni alikula kwa baba mkubwa.

Kanda ya Neria ililetwa na mwanamke wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Akina mama wa kanisa walipanga kila kitu. Televisheni iliazimwa kwa mwenye duka sokoni, deki ikatoka shule ya upili, na jenereta ikatoka kwa mwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwezi wa baridi na ukungu, na ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani kwa nje, wamejifunika mablanketi. Wanaume walikuja pia. Walikaa upande wao.

Neria ilitengenezwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwongozaji alikuwa Godwin Mawuru, na kisa kiliandikwa na Tsitsi Dangarembga, mwandishi wa riwaya aliyejulikana tayari Afrika nzima. Oliver Mtukudzi aliipigia muziki na akaigiza pia kama kaka yake Neria. Kampuni iliyoitoa ilikuwa imeshatoa Consequences mwaka 1988, sinema ya msichana wa shule anayepata mimba, na wengi waliosoma sekondari Kenya wakati ule waliiona. Kisa cha Neria si kirefu. Mke na mume wanajenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili. Mume anakufa ajalini. Ndugu yake, Phineas, anakuja kutoa pole, na baada ya pole anachukua gari, kitabu cha benki, vyombo, nyumba, na mwisho watoto. Kila anachokichukua anasema mila ndiyo inayomruhusu. Neria anatafuta wakili, anakwenda mahakamani.

Sinema ilikuwa ya Kiingereza, na wengi ukumbini hawakukijua. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa Kiembu. Alianza kwa upole, sentensi moja moja. Kadiri kisa kilivyosonga ndivyo alivyoacha kutafsiri na kuanza kusimulia. Phineas aliposema jambo, mwalimu alilisema kwa sauti ya mwanamume wa kwetu, kwa maneno yaleyale yanayosemwa barazani mali ya marehemu inapogawanywa. Harare ikawa karibu na Runyenjes. Siku hizi watu wanamjua DJ Afro, anayesimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, na vijana wanamfurahia kwa vichekesho. Nikimsikia namkumbuka mwalimu yule, ambaye hakuchekesha hata mara moja.

Nilitegemea watu wamlilie Neria. Walimlilia. Lakini mazungumzo, yale yaliyorushwa gizani kutoka benchi hadi benchi sinema ikiendelea, hayakuwa juu yake. Yalikuwa juu ya mama mkwe. Katika sinema kuna mwanamke mzee, mama wa marehemu na mama wa Phineas. Roho yake iko kwa Neria, lakini anayeivunja nyumba ni mtoto aliyemzaa. Nadhani watengenezaji walimwona kama mhusika wa pembeni. Ukumbi wetu ulikuwa umejaa mama wakwe, na macho yao yote yalikuwa kwake.

"Huyo mama amenyamazia nini?" mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kutoka nyuma. "Si mtoto wake huyo anayeiba?"

Mwingine akamjibu, "Angesema nini? Analishwa na huyo aliyebaki."

Pakawa kimya, halafu wakaanza wote kwa pamoja. Mmoja akasema mama mkwe angekuwa na haki ya kunyamaza kama angekuwa hana mguu wa kumfikisha kwa chifu. Mwingine akasema ni rahisi kusema hivyo kama mwanao mkubwa si mkali. Mzee mmoja upande wa wanaume akauliza kwa nini sinema haionyeshi wajane wabaya, wanaouza shamba na kuolewa kwingine. Alijibiwa na wanawake watatu kwa mkupuo. Mwalimu akasimamisha kanda mara mbili ili watu wamalize. Yote yaliyosemwa, yalisemwa juu ya Phineas, juu ya Neria, juu ya mama wa Zimbabwe. Hakuna aliyetaja jina la mtu wa kijijini. Na kila mtu alijua ni nani anayetajwa.

Nguvu ya sinema ilikuwa hapo, na sijapata kuona baraza la chifu, mahubiri wala semina iliyoweza kufanya kama vile. Kwetu kumtaja jirani kwa ubaya wake hadharani ni kuanzisha vita. Kumtaja Phineas hakukumvunjia mtu heshima. Kisa cha mtu wa mbali kiliwapa mahali pa kusimama, na kwa kuwa walikitazama pamoja, kila mmoja alisikia kwamba anachokifikiri mwenyewe na mwenzake anakifikiri. Wajane wa kijiji chetu walikuwa wakijua kwa muda mrefu kwamba wanadhulumiwa. Hawakuwa wamejua kwamba hata wale waliowadhania maadui waliona hivyo.

Nyanya alikuwa kwenye benchi la mbele, shali imefungwa kichwani. Sikumsikia akisema neno. Tulirudi nyumbani kwa tochi, na njiani alizungumzia baridi tu. Sisemi kwamba usiku ule peke yake ndio uliomgeuza. Huenda alikuwa akisubiri, au alikuwa ameshaamua. Ninachojua ni kwamba wiki haikupita kabla hajamwendea naibu wa chifu, kwa miguu, akiwa amevaa nguo zake za kanisani, na akasema mbele ya wazee kwamba risiti za chai zirudi kwa nyumba ya mwanawe aliyekufa. Baba mkubwa alipojaribu kumwambia kwamba mama haelewi mambo ya siku hizi, alimjibu:

"Mimi ndiye niliyekuzaa wewe na yeye. Nikinyamaza, nani mwingine atawajua wote wawili?"

Mengine yalichukua muda. Barua ya chifu ya kuorodhesha warithi. Kesi ya urithi katika mahakama ya Embu. Tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya, siku 30 za kusubiri mwenye pingamizi, miezi sita kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa. Mama mdogo alisafiri Embu mjini mara nyingi kwa nauli ya kukopa. Namba ya chai ilibadilishwa nikiwa nimeshamaliza shule. Ng'ombe hakurudi. Kipande cha shamba cha bondeni, karibu na mto, baba mkubwa alikilima miaka mingine mingi, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumtoa.

Lililoniuma baadaye, nilipoanza kuelewa sheria, ni kwamba haki aliyoipigania Neria kwenye kioo mama mdogo alikuwa nayo tayari. Sheria ya Urithi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1972 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inampa mjane aliye na watoto haki ya kuishi na kutumia mali ya mumewe. Ilitenga ardhi ya kilimo ya wilaya kadhaa za wafugaji, lakini Embu na Meru hazikuwa miongoni mwao. Zimbabwe yenyewe ilirekebisha sheria zake za mirathi mwaka 1997, miaka kadhaa baada ya Neria. Sisi tulikuwa na sheria inayotulinda, imelala vitabuni zaidi ya miaka kumi, na tukaja kuisikia kwa sababu sinema ya nchi nyingine ilituonyesha mwanamke akiingia ofisi ya wakili. Katika kijiji chetu neno Phineas likawa la kawaida. Ndugu wa marehemu alipoonekana akihesabu mbuzi kabla ya mazishi, watu walimwuliza kama amekuwa Phineas.

Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya mto Thuci, upande wa Meru, na huko nilijifunza upande wa pili wa jambo hili, yaani kinachotokea watu wanapoamriwa badala ya kuachwa wazungumze. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa msukumo wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana katika wilaya nzima. Wasichana wakajibu kwa wembe. Walijikusanya porini na mashambani wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, na wakaitwa Ngaitana, wanaosema nitajitahiri mwenyewe. Kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Wanawake wa rika la nyanya yangu wa upande huo waliyaishi hayo. Walipoyasimulia, walikuwa na fahari zaidi ya kukataa kuamriwa kuliko ya jambo lenyewe.

Nilipokuwa nikisomea ualimu Meru mjini, mwishoni mwa miaka ya 1990, tulionyeshwa Saikati. Anne Mungai aliitengeneza mwaka 1992, na ni miongoni mwa sinema za kwanza ndefu kuongozwa na mwanamke wa Kenya. Saikati ni msichana wa Kimaasai anayetaka kuendelea na masomo, na nyumbani anapangiwa ndoa na mtoto wa chifu. Anatorokea Nairobi na binamu yake, kisha anagundua kwamba maisha ya mjini aliyosifiwa yanagharimiwa kwa mwili. Darasani tulikuwa wasichana wa kutoka Tharaka, Igembe, Imenti na Embu. Mazungumzo yalianza kwa kuwahurumia Wamaasai, na yangeweza kuishia hapo. Halafu msichana mmoja wa kutoka nyanda za chini, ambaye hakuwa mwepesi wa kusema, akasema, "Kwetu ni Desemba." Tulijua ana maana gani. Likizo ya Desemba ndiyo iliyokuwa na visu. Tulizungumza mpaka mlinzi wa bweni akaja kuzima taa, na usiku ule nilisikia mambo ambayo wenzangu walikuwa hawajapata kuwaambia hata dada zao.

Karibu na miaka hiyohiyo, mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, familia chache zilikuwa zimeanza Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno, kwa msaada wa shirika la Maendeleo ya Wanawake. Wasichana walikaa faraghani, wakafundishwa, wakatoka kwa nyimbo na zawadi, bila kukatwa. Sheria ya Watoto ilikuja 2001, na sheria kamili ya kupiga marufuku ukeketaji ikaja 2011. Naziheshimu sheria hizo. Lakini nikiwatazama akina Ngaitana na nikiwatazama akina mama wa Gatunga, naona wazi ni njia ipi iliyowafanya wazazi wenyewe waweke kisu chini.

Nisiisifu sinema kupita kiasi, maana niliona pia ikiharibu. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 sinema za Kinaijeria zilifurika. Zilijaa kumbi za video za masokoni, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Maua, kisha zikahamia kwenye televisheni za nyumbani. Tuliwapenda wachekeshaji Aki na Pawpaw, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini pamoja nao alikuja mjane wa aina nyingine, aliyemtilia mumewe sumu, aliyemtoa kafara kwa ajili ya mali, aliyetabasamu akiwa amevaa nguo nyeusi. Wiki baada ya wiki, mwanamke huyohuyo kwa majina tofauti. Na katika vijiji ambako wanaume wengi walikuwa wamekufa kwa ukimwi usiotajwa, picha hiyo ilipata pa kuota. Nilimsikia kijana, mtoto wa jirani, akisema kuhusu mama mdogo kwamba mume hafi hivihivi tu, kuna kitu alifanyiwa. Alikuwa hajazaliwa baba mdogo alipofariki. Nilipomwuliza amejuaje, alinitajia sinema.

Kumbi hizo za video zilikuwa za vijana wa kiume walioketi kimya mbele ya spika kubwa. Hakuna aliyesimamisha kanda. Hakuna mama mkwe aliyeuliza swali kutoka nyuma. Leo mambo ni ya upweke zaidi, kila mtu na simu yake na spika za masikioni, na kijana anaweza kutazama wajane wauaji kumi bila kukutana na mmoja aliye hai wa kumwambia kwamba si hivyo.

Na kuna mahali ambapo Neria haikufika kabisa. Baada ya nyanya kufariki, wanawe waligawana shamba lake kati yao. Shangazi yangu mkubwa, binti yake wa kwanza, aliyeachana na mumewe na kurudi nyumbani zamani, hakupewa hata mahali pa kupanda sukuma. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshaamua, katika kesi ya familia ya Rono, kwamba mabinti nao ni warithi, na mwaka 2010 tukapata Katiba inayokataza ubaguzi wa kijinsia. Shangazi akaenda mahakamani. Alipata nusu ekari. Kesi ilipokuwa ikiendelea, aliyesimama waziwazi upande wa wanaume, aliyesema hadharani kwamba msichana aliyeolewa ana shamba kwa mumewe, alikuwa mama mdogo.

Nilikwenda kwake kumwuliza. Nilimkumbusha ukumbi wa kanisa, kanda, machozi yake. Alikuwa akisafisha majani ya chai kwenye gunia na hakuacha kazi.

"Neria alikuwa mke," aliniambia. "Alijenga. Huyu alizaliwa tu."

Nilibishana naye mchana kutwa. Nilimwambia shangazi alichuma chai ile akiwa mtoto, kabla yeye hajaolewa pale. Aliisikia hoja yangu, kwa kuwa si mwanamke wa roho mbaya, na najua aliyoyapitia. Ila kisa cha mjane alikuwa ameonyeshwa akakiona, na cha binti hajaonyeshwa na mtu. Jaji aliiandika hukumu kwa Kiingereza, ikasomwa Embu mjini, ikawekwa kwenye faili. Shangazi ana nusu ekari yake na kaka zake hawamsalimii.

Nairobi, River Road, wapo watu wanaotengeneza sinema za lugha zetu kwa pesa kidogo. Nimewaandikia wawili. Nataka sinema ya binti, ya Kiembu au ya Kimeru, yenye kaka wasio wabaya sana, kwa sababu kaka wa kweli si wabaya sana, na yenye wifi anayeketi katikati akijua ukweli. Simtaki mtu wa kuhubiri ndani yake. Ikipatikana, ukumbi wa kanisa bado upo, na nimeshazungumza na mwenye jenereta.